Mzigo Nyuma ya Pipa

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alifanya mambo yale yale. Alivua sare na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akafua soksi, akala chakula kilichofunikwa kwa sahani mezani, kisha akachukua simu ndogo ya mama iliyokuwa juu ya kabati. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani wa ile nyumba ya ghorofa, ambao walimsikia akipanda ngazi muda mrefu kabla ya kumwona, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Simu ile ilikuwa na kazi moja tu. Mama yake alikuwa fundi cherehani katika duka moja mjini, na jioni alishona kazi zake mwenyewe nyumbani. Vitambaa, zipu na vifungo aliviagiza, vikaletwa kwa pikipiki mpaka mlangoni, kwa sababu mwenye duka hakutaka kuona kazi za pembeni zikiingia dukani kwake. Mzigo ukiwa njiani, simu ndogo ilipokea ujumbe wenye namba ya siri. Mleta mizigo aliukabidhi mzigo mkononi, ndipo akatajiwa ile namba, naye akaiingiza kwenye simu yake kuonyesha kwamba mzigo umefika. Mama alikuwa amemwambia Chiriku mpaka akachoka: abaki nyumbani hadi mzigo ufike, na namba asiitaje kabla hajaushika mzigo. Chiriku aliitikia "sawa mama" haraka haraka, kwa kuwa alijiona anayajua hayo yote.

Siku hiyo mzigo uliokuwa ukija ulikuwa wa maana. Kilikuwa kitambaa cha majoho ya watoto wa chekechea, watakayovaa siku ya kuagwa kwao. Mwalimu mkuu wa chekechea alikuwa amempa mama kazi hiyo kwa mara ya kwanza, na mama alikuwa akiimba tangu asubuhi. Lakini siku hiyo hiyo timu ya netiboli ilikuwa inachagua wachezaji wa mashindano, na nahodha, msichana aliyeitwa Mrefu, alisema kwamba atakayekosa mazoezi asije akamlaumu mtu. Chiriku alizunguka chumbani, akachungulia dirishani, akazunguka tena. Mwishowe aliitia simu mfukoni, akafunga mlango na kukimbilia uwanjani.

Simu ililia katikati ya mchezo. Aliyepiga alikuwa mleta mizigo wa siku zote. Watoto walimwita Mjomba Helmeti, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Hata akipewa maji alipandisha kioo cha helmeti tu, akanywa, akakishusha. Alisema yuko mlangoni, anapiga hodi na haitikiwi.

"Mama yupo ndani anaoga, na mimi nimetumwa dukani," Chiriku alisema. "Amesema uuache tu nyuma ya pipa."

Mjomba Helmeti alisita. Alisema hairuhusiwi kuacha mzigo bila kumwona wa kuupokea. Chiriku akambembeleza, akamwambia mama akitoka bafuni ataukuta, kisha akamsomea namba ya siri yote. Kelele za wachezaji zilikuwa nyingi, na mwenzake upande wa pili hakumsikia vizuri. Basi Chiriku akarudia kwa ile sauti yake inayojulikana: "Nyuma ya pipa la maji! Ghorofa ya pili, karibu na mlango wetu!" Pembeni mwa uwanja watu walikuwa wamejaa, watazamaji kwa wapita njia. Yeye hakuwaangalia. Alirudi mchezoni, akafunga mabao ya kutosha, akachaguliwa.

Aliporudi nyumbani, nyuma ya pipa palikuwa na ufagio peke yake. Alilisukuma pipa, akachungulia chini ya ngazi, akarudi tena kwenye pipa na kuingiza mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, ingawa alijua hakuna mtu anayeweka kitambaa ndani ya maji. Alikuwa bado amesimama pale, mkono ukidondosha maji, aliposikia hatua za mama kwenye ngazi.

Mama hakungoja hata kuvua viatu. Aliuliza kama mzigo umefika.

"Haujafika," Chiriku alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na likishatoka akaona ni vigumu kulirudisha. Mama akapiga simu kwenye ofisi ya usafirishaji. Huko akaambiwa kwamba mzigo umekabidhiwa, kwa kuwa namba ya siri ilitajwa. Mama akakataa, akataka msimamizi aje na mleta mizigo.

Kesho yake jioni msimamizi wa ile ofisi alikuja mwenyewe, akiwa na Mjomba Helmeti, helmeti kichwani kama kawaida. Walikaa kwenye viti vya plastiki karibu na cherehani. Mjomba Helmeti alieleza mambo yalivyokuwa: alipiga simu, akaambiwa mama anaoga, akaelekezwa auache mzigo nyuma ya pipa, akatajiwa namba. Mama akacheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Naoga? Saa hizo mimi niko dukani mbele ya cherehani. Muulize yeyote pale."

Hapo ndipo ukweli wa Mjomba Helmeti ulipogeuka kuwa uongo mbele ya watu. Msimamizi akamgeukia Chiriku, akamuuliza kwa upole kama simu ilipigwa. Chiriku alikuwa amelala akiliwaza swali hilo. Akasema ndiyo, ilipigwa. Akasema aliulizwa namba, akaitaja, akaambiwa mzigo unapanda ngazi, akasubiri mlangoni na hakuona mtu. Alisema yote hayo akiangalia kidole gumba cha mguu wake.

Mjomba Helmeti hakupandisha sauti. "Mwanangu, kumbuka vizuri," alimwambia.

"Usimtishe mtoto," mama akadakia. "Mimi namjua huyu. Mdomo anao, lakini uongo hana. Mwizi ni wewe, na huna haya."

Chiriku alitamani mama asingesema vile. Laiti angemkaripia, laiti angemtilia shaka hata kidogo, pengine angepata pa kuanzia. Lakini mama alimkinga kwa mwili wake wote, na Chiriku akanyamaza nyuma ya mgongo huo, akiona aibu mpaka masikio yakamchoma. Msimamizi akasema kazi ya Mjomba Helmeti imesimama mpaka jambo lichunguzwe. Mjomba Helmeti akavua kizibao chake cha kazi, akakikunja vizuri kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, akamkabidhi mkubwa wake.

Usiku ule mama alimwongezea Chiriku chakula na kumpa pole kwa yaliyomkuta. Chiriku aliisukuma sahani kando. Kesho yake habari zilikuwa zimeenea nyumba nzima, hasa kwa kuwa fundi viatu, mwenye kibanda pale langoni, alimsimulia kila aliyepita kwamba waleta mizigo siku hizi ndio wezi wenyewe. Uwanjani Chiriku aliangusha mpira kila alipopewa, mpaka Mrefu akamuuliza kama mikono yake ameipaka mafuta. Na Chiriku aliyezoea kupanda ngazi akiongea alipanda kimya. Majirani wakadhani anaumwa.

Mama naye alikuwa na shida yake. Siku ya kuagwa watoto ilikuwa inakaribia na kitambaa hakuna. Bila kulalamika, alipanda juu ya kiti akashusha mapazia ya sebuleni, yale mazuri ya rangi ya damu ya mzee ambayo wageni wote waliyasifia, akayatandika mezani na kuanza kukata majoho. Dirisha likabaki wazi. Kila Chiriku alipoingia ndani, lile dirisha ndilo lililompokea.

Siku moja alipotoka shule alimkuta mtu amesimama kwenye kibanda cha fundi viatu, ameshika kiatu ambacho soli yake ilikuwa imeachama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi nyingi. Chiriku hakumtambua mpaka aliposikia sauti. Alikuwa Mjomba Helmeti, bila helmeti, na alikuwa mkubwa kwa umri kuliko alivyodhani siku zote. Alikuwa akimweleza fundi kwamba siku hizi anatembea kwa miguu kutafuta vibarua, na kiatu kimekataa.

Fundi viatu hakuacha kugonga msumari aliokuwa akigonga. "Kipeleke kwa wenzako," alisema. "Hapa hatushoni viatu vya kukimbilia na mali za watu."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mjomba Helmeti alikivaa kiatu chake taratibu, akageuka, akakutana uso kwa uso na Chiriku. Angeweza kumtukana. Angeweza hata kupita kimya.

"Hujambo, mwanangu," alisema, akaenda zake, soli ikipiga chini kila alipokanyaga.

Chiriku alipanda ngazi akilia. Siku hiyo mama alikuwa ameruhusiwa kurudi mapema ili amalize majoho, na cherehani ilikuwa ikikimbia. Chiriku alisimama mbele yake bila kuvua sare.

"Mama, nilikuwa uwanjani."

Mama alisema sawa, bila kuinua macho, akidhani anazungumzia leo.

"Siku ile ya mzigo. Nilikuwa uwanjani. Mimi ndiye niliyemwambia unaoga. Nilimwambia auweke nyuma ya pipa, nikamtajia namba. Nilipiga kelele, watu wote walisikia."

Cherehani ilisimama. Mama aliangalia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, kisha akaangalia kile kiti cha plastiki alichokalia Mjomba Helmeti. Chiriku akaona mama yake naye anaona aibu, aibu ambayo yeye ndiye aliyemletea.

"Nilimwita mtu mwizi," mama alisema mwishowe. "Mbele ya mkubwa wake, ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa na uhakika kwa sababu ni wewe uliyesema." Akasimama, akajifunga mtandio. "Njoo. Utayasema hayo mwenyewe. Mimi nina yangu ya kusema."

Walianzia kibandani. Mama alimwambia fundi viatu, na wote waliokuwa kwenye benchi, kwamba amemsingizia mtu asiye na hatia. Fundi aliweka nyundo chini. Alisema tu kwamba wakionana naye, wamwambie kile kiatu akilete.

Ofisini msimamizi aliagiza Mjomba Helmeti aitwe, wakasubiri mpaka akafika. Chiriku alisimama mbele ya meza akaanza kueleza. Sauti ile iliyovuka uwanja mzima sasa haikuvuka hata meza, na msimamizi akamwomba arudie. Ikabidi aseme yote mara ya pili, uongo mmoja baada ya mwingine, huku Mjomba Helmeti akimsikiliza. Mama naye aliomba radhi kwa unyenyekevu, macho chini.

Mjomba Helmeti alimgeukia Chiriku. "Binti yangu ana umri kama wako," alimwambia. "Aliniuliza, baba, ni kweli umeiba? Nikamjibu hapana. Akasema sawa. Lakini tangu siku hiyo haniangalii usoni. Kukusamehe nimekusamehe. Ila ukitoka hapa, twende ukamwambie na yeye."

Chiriku alidhani kwamba jambo gumu lilikuwa limekwisha, kumbe lilikuwa linamngoja huko. Walienda. Binti yule aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akiwa na kitabu cha darasa lile lile analosoma Chiriku. Alimshika baba yake mkono, wakaingia ndani.

Mjomba Helmeti alirudishiwa kizibao chake, ingawa alionywa pia, maana aliacha mzigo bila kumwona mpokeaji. Mwenyewe alikubali. Alisema alikuwa na haraka, na aliyeuchukua ule mzigo alirahisishiwa kazi na watu wawili. Mwizi hakupatikana. Watoto wa chekechea waliagwa wakiwa wamevaa mapazia, na hakuna aliyejua, na waling'ara. Chiriku hakwenda kwenye mashindano. Jioni zake zote alizimaliza akipiga mapindo ya yale majoho kwa mkono.

Majirani nao waliona funzo. Walikubaliana kwamba hakuna tena mzigo wa kufichwa nyuma ya pipa, chini ya zulia wala juu ya dirisha, kwa kuwa maficho hayo kila mtu anayajua. Fundi viatu akanunua kufuli la kabati lake, na asiyekuwepo nyumbani alimwarifu mapema, naye akapokea mzigo na kuufungia humo.

Siku ya mzigo uliofuata, Chiriku alisubiri langoni tangu alipomaliza kula. Pikipiki ikafika. Alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akasoma jina la mama juu yake, akasogea karibu na kuitaja namba kwa kunong'ona.

"Leo mama haogi?" Mjomba Helmeti akauliza.

Benchi zima likaangua kicheko. Chiriku akainamia kifurushi kwa aibu. Mjomba Helmeti naye alicheka kidogo, kisha akavua helmeti yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya akiwa kazini.

"Nimekutania, mwanangu," alisema. "Mzigo ukiibiwa, mama yako atashusha mapazia, maisha yataendelea. Lakini uongo wako ulimwibia mtu jina lake, na hakuna duka la kuagiza jina jingine. Linda mizigo ya mama yako. Na kabla hujamtaja mtu kwa ubaya, hakikisha kwanza kwamba unasema kweli."

"Nimesikia, mjomba," Chiriku alisema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama binti yake hajambo.

"Hajambo. Ananiangalia sasa," akajibu, akavaa helmeti yake na kuwasha pikipiki.