Kisanuo Mweupe ku Musumari

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, mu Sobongo, mutaa moya ya Kamina, kama unatafuta barza ya Ndaya, hautapotea. Fwata kicheko. Fwata na harufu ya mafuta ya nywele. Utaona banc ya mbao, ba-mama banaikala mustari moya, na kila kichwa iko nusu.

Nusu kweli. Upande huu, rasta muzuri, imelala sawa mutoto mwenye ameshiba. Upande ule, nywele imesimama sawa majani yenye kuku imechokora.

Ile ilikuwa akili ya Ndaya. Kusuka, alijua kupita bote mu quartier. Lakini alikuwa na woga moya. Alikuwa anaogopa client mwenye anatoka bila kusuka, juu ataenda kwa mwingine na hatarudia. Basi mama akifika tu, Ndaya anamuikalisha mbio, anamusuka mistari tatu ku paji. Na mistari tatu ku kichwa, muntu ataenda wapi? Hawezi kupita mu soko vile. Atangojea. Kiisha Ndaya anaruka ku kichwa ya pili, anaruka ku kichwa ya tatu.

"Client iko sawa samaki," alikuwa anasemaka. "Ukimuona, mufunge kwanza. Kumupika utamupika nyuma."

Djo, bwana yake, alikuwa anatengenezaka ma-vélo, ile baiskeli ya bantu, pembeni ya nyumba. "Lakini samaki yako inasema, Ndaya," anajibu, mukono mu mafuta ya chaîne. "Sikia vile inasema."

Na kweli banc ilikuwa inalalamika. Mwingine ameacha mutoto. Mwingine ameacha sombe ku moto. Na kichwa ya Ndaya yee mwenyewe? Iko chini ya bonnet. Tangu siku gani, hata Djo hakujua tena.

"Ya minyi itangoja," anasema.

Ile siku ya posho, Kanyinda alikuwa ku banc tangu asubui. Kanyinda anatumika ku gare. Njo yee anaangaliaka kama njia iko wazi, mbele train iingie. Muchana alikuwa na kazi.

"Ndaya, mama, jua inapanda. Nitaingia ku kazi na hii kichwa?"

"Ngoja kidogo, Yaya Kanyinda, dada yangu. Dakika mbili, nafika kwako."

"Tangu asubui uko unafika. Hata train ingeshafika."

Banc yote ikacheka. Pale pale binti moya akapanda ku barza. Ni Béthanie, mutoto ya Mama Marthe, mwalimu, mukubwa ya ba-mama ku kanisa ya ba-Méthodiste.

"Jambo, Yaya Ndaya. Ndoa yangu iko siku ya posho yenye inakuya. Mama anatafuta mwenye atanisuka. Alisema: enda uone kwanza vile Ndaya anatumika."

Roho ya Ndaya ikaruka. Kusuka mariée, bibi arusi, haiko kusuka kichwa moya. Kanisa muzima itaangalia. Ikiwa muzuri, jina yake itatembea mpaka Base, kule kambi ya ba-askari. Ikiwa mubaya, itatembea vilevile, tena na mbio. Na tangu mwezi mbili tatu, banc yake ilikuwa inapunguka. Alikuwa na lazima ya ile kichwa.

"Ikala, mwana yangu. Ikala hapa, nikuanze kidogo."

Béthanie akashika nywele yake na mikono mbili. "Ndoa iko juma yenye inakuya, yaya. Unataka nitembee na mistari tatu mpaka ile siku?"

Kanyinda akasimama. Akatosha foulard mu sakoshi, akafunga kichwa yake, upande ya kusuka na upande ya kutosuka.

"Naenda ku kazi. Mangaribi nitarudia. Haiko juu nakupenda, Ndaya. Ni juu uko na nusu ya kichwa yangu."

Banc ikacheka tena. Béthanie hakucheka. Alimuangalia Kanyinda vile anashuka mu njia, foulard imevimba upande moya sawa muntu mwenye jino inamuuma.

"Nitaambia mama vile nimeona," akasema polepole. "Atakutumia jibu."

Ndaya alijua ile jibu.

Mangaribi Kanyinda akarudia, kama alivyosema. Banc ilikuwa wazi. Ndaya akaanza kusuka. Ku mustari ya pili akasema yenye iko mu roho.

"Mama Marthe hatanipa ule mutoto."

"Akupe juu ya nini? Alituma macho, na macho iliona."

"Yaya, usipige muntu mwenye ameanguka."

"Sikupige. Nakuuliza. Ku gare, njia ya kuingia iko moya. Ma-train mbili inafika pamoja. Nifanye nini?"

"Unaitika moya. Ingine inangojea."

"Inangojea wapi?"

"Kule nyuma. Ku gare ingine."

"Njo ile. Inangojea kule nyuma, na machiniste, mwenye anaiendesha, anajua wakati yake. Bantu banashuka, bananunua ndizi, hakuna matata. Lakini nikiingiza train moya nusu, na ingine nusu, hakuna yenye itapita. Weye kila siku unaingiza ma-train tatu mu njia moya. Mikono uko nayo mbili, Ndaya."

"Train haina na njia ingine. Client iko nayo. Nikimuachilia, ataenda."

"Mumoya ataenda, kweli. Lakini angalia minyi. Nimerudia juu ulinifunga. Mwezi yenye inakuya, unazani nitarudia? Client mwenye unafunga na mèche ya nywele hakupende. Anangojea tu umufungue."

Vidole ya Ndaya ikasimama. Akakumbuka ba-mama benye balikuwa banakuya zamani. Leo banapita mbele ya barza, banaangalia upande ya ukuta.

"Na weye unataka nini?" Kanyinda akauliza. "Haiko leo. Kule mbele."

Hakuna muntu alikuwa amemuuliza vile. Ndaya akafikiri.

"Nataka chumba kidogo yenye inaangalia barabara. Na mulango. Na kioo mukubwa. Na mabinti mbili benye nafundisha kazi." Akacheka haya. "Hata Djo sijamuambia."

"Basi sasa umesema. Kila asubui ujiulize: vile natumika leo, inanipeleka ku ile mulango, ao inaniacha ku banc? Machiniste mwenye hajue kwenye anaenda, kila sifflet, kila firimbi, inamusimamisha."

Ndaya akasuka kidogo. "Na wakati? Wakati inanikimbia, yaya."

"Rasta inakamata wakati kiasi gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Unasemaka dakika mbili. Umeshaipima hata siku moya?"

Hapana, hakuwa ameipima. Basi akapima. Hakukuwa na lazima ya montre. Aliona kama mistari ya kawaida inaisha mbele maharagi iive. Rasta ya mukubwa inakula asubui muzima. Rasta ya kidogokidogo inakula siku, na ikimaliza inaomba ingine. Ndaya akashangaa. Miaka yote alikuwa anasema "dakika mbili" na roho safi, na haikukuwa kweli hata siku moya.

Djo akamuletea bisanuo ya zamani, ile bichana ya nywele, na rangi kidogo yenye ilibakia ku ma-vélo. Kanyinda njo alibaonyesha. Kila siku iko na bisanuo yake: nyekundu ni asubui. Vert, rangi ya majani, ni muchana. Bleu ni mangaribi. Mwenye anataka kusuka anakamata kisanuo yake, anaenda nayo ku nyumba, anarudia ku wakati yake. Kazi ya murefu, kama rasta ya kidogokidogo, inakamata bisanuo yote tatu ya siku.

"Ukiisha kupana kisanuo," Kanyinda akasema, "ule wakati haiko yako tena. Ni ya mwenye anaishika. Hata mfalme akifika, utamuambia akamate ingine."

"Na hii mweupe?" Djo akauliza. "Rangi imeisha?"

"Hii hatupake rangi. Itundike ku musumari, usiipane muntu. Ni ya mambo ya gafula. Ku gare tunaachaka njia moya ya pembeni bila kitu. Siku moya utajua juu ya nini."

"Eyo, vidye, ndiyo mukubwa," Djo akasema, akainama sawa mbele ya chef.

Mwanzo ilikuwa ngumu. Wa kwanza mwenye alipata neno ya "hapana" ni Mama Mbuyu, bibi ya soda, askari moya ya Base. Alifika wakati bisanuo ya siku imeisha. Vidole ya Ndaya ikawasha. Mistari tatu tu, roho yake ikasema. Tatu tu, asitoke.

Akafunga mikono nyuma.

"Mama Mbuyu, leo imejaa. Kamata hii ya bleu. Kesho mangaribi ni ya weye peke yako."

Mama Mbuyu akaangalia kisanuo sawa muntu mwenye anaona samaki na manyoya. "Basi sasa unanifukuza na kisanuo?"

"Sikufukuze, mama. Nakuchungia fasi."

Mama Mbuyu akaenda. Roho ya Ndaya ikamufwata mpaka ku kona ya njia, ikabakia kule. Ile mangaribi akasonga bukari, akakaanga samaki. Djo akasogeza samaki upande yake, hakusema mambo ya kufunga.

Kesho yake, mbele ya mangaribi, Ndaya alikuwa anaangalia njia. Hakuna muntu. Akasafisha barza. Akaisafisha tena. Kiisha akaona kitu bleu inatembea kule mbali. Ilikuwa kisanuo, imesimama mu nywele ya Mama Mbuyu sawa taji. Na rafiki yake nyuma.

"Nilipika, nilifua, nililala hata kidogo," Mama Mbuyu akasema, akaikala. "Sasa nisuke. Na huyu anataka kisanuo yake. Anasema anataka nyekundu."

Ndaya akageuka kwanza upande ya ukuta, juu basimuone vile anapumua.

Habari ya bisanuo ikatembea, unajua Kamina. Mbele juma iishe, Mama Marthe akafika yee mwenyewe. Akasimama, akaangalia banc. Mama moya tu alikuwa pale, na kichwa yake ilikuwa inaelekea mwisho.

"Ndaya, bantu beko wapi? Balikukimbia?"

"Hapana, mama. Beko kwabo, na bisanuo yabo."

Mama Marthe akasogea karibu. "Béthanie akuye wakati gani?"

Ndaya akamupa kisanuo nyekundu na mikono mbili. "Asubui ya posho ni ya Béthanie peke yake. Nashika kichwa yake mpaka imalizike, kiisha njo naangalia muntu mwingine."

"Sawa. Ukichelewa, minyi sitakutukana. Bantu bataona. Ile inatosha."

Siku ya posho, Béthanie akafika na kisanuo nyekundu mu mukono. Ndaya akasuka. Mama moya akapita, akaita, "Nianze kidogo tu, dada." Ndaya hakutosha macho ku kichwa ya Béthanie. Mustari ikafwata mustari, kiisha chignon, ile fundo ya nywele, ikapanda, muzuri, sawa kitunga yenye ba-mama ya mukono ya polepole banafumaka. Jua ilikuwa bado ku ngazi ya chini wakati Djo alileta kioo. Béthanie akajiangalia, akafunga midomo juu asilie na kuharibisha uso.

Hajashuka hata ku njia, Mama Marthe akafika na mbio, kiatu moya mu mukono. Alikuwa amepanga muchele, amepanga chorale, amepanga bakwe. Akatosha foulard.

"Ndaya, angalia. Mama ya mariée. Nilisahau kichwa yangu."

Kweli, ilikuwa nywele ya kulala. Mama Marthe, mwenye hakuombaka muntu kitu, akasimama pale sawa mutoto ya masomo mwenye amechelewa. "Sina na kisanuo," akasema. "Najua. Fasi imejaa."

Ndaya akainua macho ku musumari. Kisanuo mweupe ilikuwa pale, inangojea tangu mwanzo ya juma.

"Ikala, mama. Hii ni ya weye."

Mama Marthe akaikala. Akapumua kwa nguvu mpaka Djo akasikia kule ku ma-vélo. Mistari ya kawaida, muzuri, ya mama mwenye heshima. Ku nyumba maharagi haikuiva bado, na Mama Marthe alikuwa tayari.

Kiisha barza ikabakia kimya. Ndaya akaikala ku banc yake mwenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho aliikala pale. Kanyinda akapanda ngazi, kisanuo vert mu mukono. Nywele yake ilikuwa bado muzuri.

"Yaya, yako haijaharibika. Unataka nitengeneze nini?"

"Nilikamata hii kisanuo, lakini haiko ya kichwa yangu. Tosha bonnet."

"Hapana, yaya. Ya minyi itangoja."

"Ilishangoja. Huu wakati haiko yako, ni ya mwenye anashika kisanuo. Njo vile tulisema. Tosha."

Ndaya akatosha. Djo akapiga sifflet ya midomo polepole. Kanyinda akaanza kusuka, vile mama yake alimufundisha kule Kinkondja, mistari mukubwa ya kurudia nyuma.

"Usiniache nusu," Ndaya akasema.

"Ningekuacha nusu, ingekuwa haki. Lakini nitamaliza."

Akamaliza. Ndaya akavaa kikwembe yake ya siku mukubwa. Miaka yote alisuka ba-mariée, na hakuona ndoa yabo hata moya, juu alikuwa anabakia ku banc na bichwa ya nusu. Leo alifika ku kanisa mbele ya mariée. Djo akaikala pembeni yake, akamusogelea ku sikio.

"Lundi, kesho kutwa, naanza kupiga matofali. Ile mulango, unataka iangalie barabara, sivyo?"

"Nani alikuambia mambo ya mulango?"

"Kanyinda. Yee anasuka na kusema pamoja."

Ndaya alitaka kumujibu, lakini chorale ikaanza. Mulango ya kanisa ikafunguka, na Béthanie akaingia. Kanisa muzima ikasimama, ikaangalia ile kichwa. Mama Marthe mbele, mugongo sawasawa, yake imesukwa muzuri. Nyuma kidogo, mu banc ya katikati, Ndaya akapitisha mukono ku nywele yake. Upande huu. Upande ule. Yote ilikuwa imemalizika.