Mutu Anaita Mara Mbili

Jumanne ile jioni nilishuka mtaa wa Muhumba nikiwa na hasira tangu asubuhi. Begani nilibeba ordinateri, kompyuta ya shule, mkononi funguo za jengo ambalo mwanafunzi hajalikanyaga tangu mwezi wa pili.

Mimi ni Clémence. Nafundisha kemia. Vita vilipoingia na mji ukapata watawala wapya, nusu ya familia za shule yetu zilikimbia: wengine Sange, wengine Uvira, wengine wakavuka mpaka. Wanafunzi wangu thelathini na mmoja wa sixième, mwaka wa mwisho, walitawanyika, na Examen d'État, mtihani wa taifa, ilikuwa inawasubiri. Ndipo prefe, mkuu wetu wa shule, Papa Télesphore, akapata wazo.

"Madame Clémence, wewe unajua mambo ya ordinateri. Utatufungulia darasa la internet."

Nilijua kuwasha na kuzima. Basi.

Ilinichukua wiki tatu. Mzazi huyu ana simu lakini hana mega za internet. Yule ana mega lakini simu anashinda nayo kazini. Mwingine anaingia na jina "Grand Patron", sasa huyo ni mwanafunzi wangu yupi? Nilituma code mara kumi, wakaniomba mara ya kumi na moja. Mwishowe nikaweka sheria mbili. Ya kwanza, kila mmoja aandike jina lake kamili. Ya pili, nitaita appel, majina ya wote, kila siku, na anayeitwa afungue sauti aseme "présent". Saa tukakubaliana saa kumi na mbili za jioni, kwa sababu ndiyo saa wazazi wanarudi nyumbani na simu zao.

Rezo, mtandao wa simu, ilikuwa inashika vizuri pahali pamoja tu: chumba cha juu shuleni, upande wa ziwa. Nikafungua. Harufu ya chaki ya zamani. Chini ya dirisha, maji yakipiga ukuta.

Nikachomeka ordinateri. Betri yake ilikufa zamani. Bila umeme ni jiwe.

"Bulonza Alphonse."

"Présent, Madame."

Nilikaribia kulia kwa furaha. Wiki tatu! Nikaendelea. Nilipofika jina la tisa...

Umeme ukaondoka.

Kioo cheusi. Nikakaa gizani nusu saa nikiulaani mji mzima, kisha nikafunga mlango nikapanda kwenda kwangu, mtaa wa Kasha.

Asubuhi nikakuta ujumbe kwenye simu. "Merci Madame kwa jana." "Tulifurahi kukusikia, Madame." Nilidhani wananicheka.

Jumatano nikarudi. Nilifika jina la kumi na mbili, umeme ukaondoka tena. Nilipiga meza mpaka kiganja kikavimba.

Alhamisi asubuhi, mama ya Guylain akanipigia kutoka Sange.

"Madame, ile ni leçon gani ya masaa mbili? Mega yote imeisha. Na sasa mutoto hasemi."

"Hasemi namna gani, maman?"

"Anafungua kinywa, hakuna kitu inatoka. Hata kulia, analia bila sauti."

"Maman, jana courant, umeme, ulinikatikia mapema tu. Sikufundisha."

"Usinifanye mujinga, Madame. Nilikuwa pale pembeni yake. Sauti ilikuwa yako."

Kabla ya saa sita mchana wazazi tisa walikuwa wamepiga. Watoto tisa, kinywa wazi, kimya. Wengine walishaanza kusema neno karuho, kwamba nimewatilia watoto sumu. Sumu gani inayopita kwenye simu? Lakini mtu mwenye mtoto bubu huwezi kumuuliza swali kama hilo.

Nikaenda kwa prefe. Nilimkuta uani kwake, skafu shingoni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Papa Prefe, mimi sikuwa ndani ya lile darasa."

"Madame, mimi mwenyewe niliingia jana kuangalia kazi yako." Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Hukufundisha kitu. Ulikuwa unaita majina tu. Pole pole. Ulipomaliza wanafunzi, ukaanza kuita wazazi. Watu wakacheka, wakaitika. Tukasema, Madame anatania."

"Mimi?"

"Uliniita hata mimi. Télesphore, bila Papa, bila Prefe. Sikupenda ile."

"Ukaitika?"

Alikohoa.

"Juu ya nini nisiiti..."

Midomo yake iliendelea kutembea. Sauti haikuendelea. Akashika koo, akanitazama kama mtu anayeona gari linateremka kilima bila breki.

Niliondoka pale karibu nikikimbia. Kwetu Kasha, nilikofika jioni, kulikuwa na mwanafunzi wangu mmoja tu, Charlène, anaishi na bibi yake. Nilitaka kujua kama na yeye...

"Bonsoir, Madame," Charlène akaniambia mlangoni.

Sauti yake ilikuwepo. Nikamshika mabega.

"Jana hukuitwa?"

"Niliitwa. Koko alinifunga kinywa na mukono."

Bibi yake, ambaye sote tunamwita Koko, alikuwa ndani anachambua maharagwe. Hakusimama. Nikamsalimu, nikamweleza yote, nikamwuliza kwa nini alimzuia mtoto.

"Ku siye, mangaribi, jua ikizama, sauti ikikuita na hauone mutu, unanyamaza," akasema. "Muzimu anaita mara moja. Mutu anaita mara mbili. Weye, mu ile simu yako, ulikuwa unaita mara ngapi?"

Mara moja. Kila jina mara moja, nipate kumaliza kabla umeme haujaondoka.

"Lakini ile haikuwa mimi, Koko."

"Najua." Akatupa haragwe bovu. "Hii mwaka bantu bangapi bamekufa mu barabara, mu pori, bila matanga? Hakuna mwenye aliita majina yabo. Na weye unakaa pale juu ya maji, kila mangaribi, unaita, unaita. Banasikia. Banakuja. Banataka na bo baitwe. Ila mufu hana sauti ya kuitikia. Anakamata ya mwenye iko nayo."

Sijui kama ni kweli. Alikuwa mwanamke wa Misa kila asubuhi, na aliyasema haya kama mtu anayeeleza namna ya kupika.

Nikatazama saa. Saa kumi na mbili kasoro tano.

Nikakimbilia kuwaandikia wazazi: MUSIINGIE LEO. Ujumbe ukazunguka, ukazunguka, haukutoka. Wiki nzima mvua haikuwa imenyesha, anga safi, na rezo hakuna! Nikamwomba Charlène simu yake, nikaingia darasani kwa jina langu ili nilifute darasa lenyewe. Hapo rezo ikapatikana.

Darasa lilikuwa limeshaanza.

Ordinateri ya shule nilikuwa nimeifunga kabatini Muhumba. Bila umeme.

Nikabonyeza kufuta. Kioo kikajibu: *Huna ruhusa. Wewe si mwenye darasa hili.* Nikabonyeza tena. *Huna ruhusa.* Nikafungua kipaza sauti nipige kelele. Kikafungwa. Nikafungua. Kikafungwa. Wiki tatu niliwabembeleza watu waingie mle, na sasa sikuweza kumtoa hata mmoja.

Watu walio ndani: thelathini na mmoja.

Kisha hamsini.

Kisha mia moja na kumi na wanne.

Vijumba vyeusi, visivyo na majina, vikijipanga chini ya kioo...

Halafu nikajisikia nikiongea.

Ilikuwa sauti yangu kabisa. Hata ile pumzi fupi ninayovuta kati ya jina na jina.

"Venant."

Simjui Venant. Sina mwanafunzi Venant.

"Présent," akajibu Guylain.

Guylain, ambaye mama yake aliniambia hawezi hata kulia. Ilikuwa sauti yake ya kijana inayovunjika, lakini ilisema polepole, kama mtu mzima aliyechoka. Iliendelea kunong'ona maneno sikuyashika. Nyuma yake wengine: sauti za watoto wangu, zote ninazijua, zikisema mambo ya watu wazima. *Mwambieni mama. Mlango niliuacha wazi. Baridi.*

"Koko," nikanong'ona, "nifanye nini?"

"Uko mutu ao hauko mutu? Ita. Mara mbili. Na kinywa yako."

Nilikuwa na kasimu kangu kadogo ka tochi. Nikampigia mama ya Guylain.

"Maman, weka simu ku sikio ya mutoto."

"Madame, umeshafanya ya kutosha."

"Maman, nakuomba. Dakika moja. Halafu unitukane."

Nikasikia pumzi ya kijana, karibu sana.

"Guylain," nikasema. Nikangoja. "Guylain."

Hakuna.

Moyo wangu ulipiga mara tatu, nne...

"Présent, Madame."

Na mle darasani, kwenye simu ya Charlène, ile minong'ono ikakatika katikati ya neno. Kijumba kimoja kikazimika. Upande wa Sange nilisikia mwanamke akilia kwa nguvu.

Nilipiga namba zote. Charlène alinisomea orodha, Koko alimtuma mtoto wa jirani kuninunulia unité za kupigia simu. Nani hakunitukana siku ile! Baba mmoja alikata simu mara sita. Ya saba akapokea mke wake, nikamweleza yeye. Kila niliyemwita mara mbili aliitika, na kila alipoitika kijumba kilizimika, na vilivyokosa sauti vikakifuata. Prefe nilimpigia wa mwisho. "Papa Télesphore. Papa Télesphore." Akajibu na matusi ya Kishi, lugha ya kwao, ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kinywani mwake. Nikacheka, machozi yakinitoka.

Kando ya changu kilibaki kijumba kimoja, nacho chenye jina langu.

"Clémence," kikasema, kwa sauti yangu.

Sijui kuwaeleza. Haikuwa sauti mbaya. Ilikuwa kama mtu aliyesimama muda mrefu sana mlangoni, anaomba. Ulimi wangu ulijiinua wenyewe. Nikauma mkono wangu mpaka nikasikia ladha ya damu.

Hakikuita mara ya pili.

Saa mbili kasoro dakika chache darasa likaandika: *Hakuna mtu mwingine.* Nikafuta. Safari hii kioo kilikubali.

Sasa tunafundisha mchana, katika ukumbi wa parokia, kwa walioko mjini. Walioko mbali nawapigia picha mazoezi kwa simu ya Charlène, nawatumia, wananijibu kwa maandishi. Inachosha, na matokeo ya Examen d'État Mungu ndiye anajua. Prefe hajanitajia neno internet tena.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini wiki iliyopita mwanamke alinipigia, namba nisiyoijua. Alisema anakaa Sange, ni jirani wa mama ya Guylain, na siku ile ya Alhamisi alikuwa amefungua darasa kwenye simu yake baada ya kuomba code, ajionee kitu kinachoharibu watoto.

"Madame, bwana yangu alitoka mwezi wa pili kutafuta njia ya kukimbilia. Hakurudia. Anaitwa Venant."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Uliita jina yake. Alijibu na sauti ya mutoto, lakini ni yeye kabisa. Aliniita vile ananiitaka yeye peke yake. Akaanza kunionyesha pahali analala, nimufate, nimuzike. Alisema: kisha kivuko, mukono ya kuume, nyuma ya..." Alipumua. "Halafu mukamukata."

"Maman..."

"Nilifika ku ile kivuko, Madame. Siku ine natembea pale. Nyuma ya nini? Kuko miti, kuko majiwe, kuko nyumba zenye ziliungua. Nyuma ya nini?"

Nilimwambia sijui. Ndiyo kweli, sijui. Akaniomba, kwa adabu, kama mzazi anayeomba mtoto wake apokelewe shuleni, nilifungue tena darasa. Dakika tano tu. Atalipa mega yeye mwenyewe.

Nilikata simu. Anapiga kila siku saa kumi na mbili za jioni. Namwacha apige mpaka achoke.

Jana Guylain aliniandikia: *Madame, kuna mama jirani ananiuliza kama naweza kumuazima sauti yangu. Nimujibu nini?*