Debe Lisilojibiwa

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwasimulie habari za nyumba ya Damiano wa Mgogozi. Sisimulii ili tumcheke. Kila mmoja wetu ana Damiano wake kifuani, na ndiyo sababu habari hii inaniogopesha hata leo.

Mgogozi kilikuwa kitongoji cha kaya kumi na moja, bondeni kati ya Kisanga na mbuga ya Mikumi. Mwezi wa Machi mwaka 1974 mahindi yalikuwa yamebeba vizuri, na kila jua likielekea kuzama wanaume walipanda madunguni, vichanja vya kulindia shamba, kuwafukuza nguruwe na tembo. Walikuwa na utaratibu wao. Wa kwanza alipiga debe mara tatu, jirani akajibu mara tatu, na wa pili yake vivyo hivyo, mpaka mlio ukafika mwisho wa bonde. Mnyama akisikia debe moja husimama akasikiliza. Akisikia kumi na moja anageuza njia.

Selestina, mke wa Damiano, alikuwa akisonga ugali huku akihesabu. Binti yake Yunis, wa miaka kumi na moja, alikuwa amembeba mdogo wake Yudith mgongoni.

"Tisa, kumi, kumi na moja," alisema Selestina. "Tumetimia. Haya, tule."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, nayo yalitosha. Lakini moyo wa binadamu una tumbo lake.

Jumamosi moja Damiano alirudi kutoka posta ya Mikumi na barua mbili. Moja ilitoka kwa kaka yake Kasian, mpakia mizigo wa bandarini Tanga. Nyingine ilitoka kwa Costancia, mdogo wake Selestina, aliyeolewa Dar es Salaam na mfanyakazi wa kiwandani. Kila mmoja alisema: njooni, kuna chumba, na kazi haikosekani.

"Mama Yunis, tumepata!" alisema Damiano, akiipunga barua moja huku na nyingine kule. "Tutahama."

"Tutahamia wapi?"

"Hilo ndilo la kulinganisha."

Akachukua kipande cha mkaa akachora mstari katikati ya ukuta wa sebule. Kushoto Tanga, kulia Dar es Salaam. Kila sifa aliyoikumbuka aliiwekea alama. Tanga vyumba ni rahisi. Dar kazi ni nyingi. Tanga watu wana utulivu. Dar maji ya bomba yamefika uani. Joto? Kote ni joto, kwa hiyo kila upande ukapata alama yake, kana kwamba Mgogozi walikuwa wakitetemeka kwa baridi! Bahari? Kote ipo. Baada ya juma zima alama zilikuwa sawa, kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Akawaandikia wote wawili kwamba anakuja. Kisha akafanya jambo ambalo Selestina hakulisahau. Aliingia jikoni akang'oa mafiga yote matatu, akayatia kwenye gunia tayari kwa safari. Kwao mafiga yakishang'olewa hayarudishwi mahali pale pale. Anayeyarudisha anaifungia njia yake mwenyewe. Basi kuanzia siku hiyo Selestina alipikia nje, juu ya mabonge ya udongo yaliyopasuka kila baada ya siku mbili.

"Ni kwa wiki moja tu," alisema Damiano.

Mwezi wa Agosti ilikuja amri ya vijiji. Watu wote wa bondeni wahamie Kisanga, kwenye kijiji cha ujamaa, kabla ya mvua. Balozi wa nyumba kumi, Onesphory, alifika na daftari.

"Shikamoo, balozi," alisalimia Yunis.

"Marahaba, mwanangu. Ndugu Damiano, kiwanja chako kipo karibu na changu, juu ya kilima, kinatazama huku bondeni. Njoo ufyeke, usimamishe nguzo."

"Ndugu balozi, mtu wa safari hasimamishi nguzo. Wiki ijayo nipo Tanga."

"Juzi ulisema Dar es Salaam."

"Nalinganisha."

"Linganisha ukiwa Kisanga, basi! Ukuta wa kuchorea upo hata kule."

Damiano alicheka, lakini hakukubali. Aliamini kwamba jina lake likiingia daftarini hatapewa tena barua ya ruhusa ya kwenda mjini. Onesphory akamtazama Selestina. Selestina alitaka kusema, "Tuandike." Neno lilifika mdomoni akalimeza, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya mgeni. Hapo alikosea, na baadaye alilisema hilo mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji.

Lori lilikuja mara tatu. Lilichukua vitanda, kuku, milango na mabibi wazee waliokuwa wakilia. Bwana mkubwa wa wilaya alipofika kwa Damiano alioneshwa barua mbili, akasema, "Sawa, wewe ni mtu wa mjini, usichelewe tu." Kaya kumi zikaondoka.

Jioni ile Damiano alipanda dunguni kwa mazoea. Akapiga debe mara tatu. Selestina alisimama na mwiko mkononi, akangoja. Hapakuwa na jibu. Mlio ulipita juu ya mapaa yaliyobomolewa, ukaenda zake.

"Moja," alisema Yunis kwa sauti ndogo.

"Nyamaza ule," alijibu mama yake.

Ndugu yangu, umewahi kukaa mahali watu walipohama? Nyumba tupu hazikai tupu. Kufikia Novemba nyani walikuwa wameingia kwa jirani wa kwanza, na nyati walipita katikati ya njia ya kisimani kana kwamba wamegawiwa viwanja. Majani yaliziba mashamba. Damiano hakulima hata tuta moja, kwa kuwa mtu wa mjini halimi. Selestina alipanda kipande cha mahindi nyuma ya nyumba kwa siri, na nguruwe wakakila mchana kweupe.

Asubuhi moja ya Desemba, yapata saa nne, Selestina na Yunis walikwenda mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ilikuwa tope laini, kwa hiyo nyayo zao za kwendea zilibaki wazi kabisa. Walijaza ndoo, wakajitwisha, wakaanza kurudi. Katikati ya njia Yunis alisimama ghafla.

"Mama. Tazama unyayo wangu."

Unyayo mdogo wa Yunis ulikuwa pale pale alipokanyaga wakati wa kwenda. Juu yake, ukiwa umeufunika kisigino na nusu ya vidole, ulikuwa unyayo wa simba. Maji ya tope yalikuwa bado yanajaa ndani yake taratibu.

Selestina hakupiga kelele. Alimvuta mtoto ubavuni mwake na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, nusu ya maneno yakimtoka kichwani, na ndoo wakaziacha pale pale. Mpaka leo hakumbuki walifikaje nyumbani.

Damiano alikuwa sebuleni mbele ya ukuta wake, mkaa mkononi.

"Baba Yunis," alisema Selestina, "simba amemkanyagia mwanao unyayo. Sikuombi mji mzuri. Nakuomba mji mmoja. Sema Tanga, nitabeba sasa hivi. Sema Dar, nitabeba. Sema hata Kisanga. Ila sema!"

Damiano alitazama kushoto. Akatazama kulia. Aliinua mkaa, akaushusha bila kuchora, na Selestina akamwona. Ndipo alipofahamu, baada ya miezi yote ile, kwamba mumewe alikuwa akiogopa kuliko yeye.

"Nikichagua Tanga halafu ikawa Dar ndiyo ilikuwa na riziki yetu?" alisema Damiano. "Nikikosea, mtanisamehe?"

"Tutakusamehe ukikosea. Tukifa hapa, nani atakusamehe?"

"Nipe siku chache. Nimewaandikia tena, majibu yako njiani."

Selestina alilivuta gunia la mafiga. Alimfunga Yudith mgongoni, akafungua gunia, akajitwisha figa moja, na la pili, lililo dogo, akampa Yunis. Alipoinama kulichukua la tatu, Damiano aliliwekea mkono.

"Hilo niachie. Nitalileta mwenyewe."

Walitembea kwa zaidi ya saa moja, wakiimba njia nzima. Kisanga waliwakuta wanawake wa Mgogozi, ambao waliwatua mizigo. Onesphory na vijana wake waliwasimamishia kibanda kwenye kile kiwanja cha kilimani. Selestina akaweka mafiga mawili, na mahali pa la tatu akaweka tofali.

Jioni upepo ulipotoka bondeni, debe lilisikika. Mara tatu, kwa mbali. Selestina akachukua debe la Onesphory, akajibu mara tatu. Hivyo ndivyo mume na mke walivyosalimiana kwa siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wametoka kusali, jua bado lipo juu ya milima. Debe likalia mapema kuliko kawaida. Selestina alijibu, kisha akakaza masikio.

"Yunis, hebu sikiliza. Halitoki dunguni."

"Linatoka kwenye njia, mama."

Likalia tena, karibu zaidi. Damiano alikuwa akija! Alikuwa akipiga debe huku akitembea, kama mtu mwenye akili anavyofanya porini. Selestina alicheka, akalia, akapiga debe kwa nguvu hadi majirani wakatoka nje. Mara tatu, mara tatu. Mlio ulivuka mto. Ukaanza kupanda kilima. Mtu angeweza kusema Damiano amebakiza mwendo wa kuchemsha maji ya ugali.

Likalia mara moja. Mara ya pili. Selestina akangoja la tatu, debe likiwa limeinuliwa mikononi mwake.

Halikulia.

Alipiga tatu zake. Akapiga tena. Akapiga bila kuhesabu, mpaka Onesphory alipomshika mikono. Wanaume walikwisha kuteremka na mikuki wakikimbia. Walimkuta njiani, na simba alikuwa ameshaondoka kwa kelele zao. Begani alikuwa na gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na figa la tatu. Mfuko wa shati ulikuwa na barua mbili mpya, moja ya Tanga na nyingine ya Dar es Salaam, zenye muhuri wa posta ya Mikumi wa siku ya Ijumaa. Zote mbili hazikuwa zimefunguliwa.

Basi alikuwa ameamua. Alikuwa ameshika majibu yote mawili mkononi, asitake kuyajua, akachagua kule walikokuwa watu wake. Alichelewa kwa mwendo wa kuchemsha maji.

Walimzika Kisanga, na jina lake likaingia daftarini siku hiyo, pamoja na tarehe. Siku ya tatu Selestina aliondoa lile tofali, akaliweka figa mahali pake, akawasha moto. Barua zile hakumwomba mtu amsomee, wala mimi sijui zilisema nini.

FUNZO

Ndugu zangu, Tanga ni mji mzuri. Dar es Salaam ni mji mzuri. Anayetaka kwenda na aende, tutamsindikiza hadi stesheni. Simba wa Damiano hakutoka katika mji wowote kati ya hiyo. Alitoka katika ile "wiki ijayo" iliyodumu miezi tisa.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, nasi tunacheka, tukidhani habari ni ya fisi. Ukitaka kuhama, hama. Usipohama bado, lima, jenga, andikisha jina, jibu debe la jirani. Usiwang'olee watu wako mafiga kabla hujajua utayaweka wapi. Nawe mama unayemeza neno ili usimwaibishe mwenzako, liteme mapema, kwa sababu aibu hupita.

Na kosa la kuchagua vibaya huweza kurekebishwa, maadamu wote mpo hai mkihesabiana jioni.