Meko ya Chumba cha Chini

Siku theluji ya kwanza ilipoanguka, watu wa Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, walivamia duka la vifaa vya ujenzi kama nzige. Makoleo ya kuzolea theluji yalikuwa yanagombaniwa, vikokoteni vinagongana, na Tordis Lindahl, fundi wa meko, amevaa suruali ya turubai, penseli imeshikilia nywele zake za rangi ya mkonge, alikuwa anasukumana kuelekea kwa keshia. Mwanamume mmoja akamzibia njia. Alivaa koti jepesi la kuendea harusini, na kifuani amekumbatia magogo.

"Bwana, magogo ya nini hayo?"

"Ya meko."

"Na meko yenyewe yako wapi?"

"Bado. Nataka kuyajenga chumba cha chini ya nyumba. Kimeshamalizwa zamani, kina zulia, kina dari. Kimekosa joto tu."

"Na dohani utaipitisha wapi? Sebuleni, au katikati ya kitanda?"

Mwanamume akayatazama magogo yake kama yaliyomsaliti. "Dohani sikuifikiria, dada. Kwetu Tucson, jangwani, moto tunauwasha nje."

Aliitwa Ramiro Escalante, mkaguzi wa meli bandarini, na alikuwa amenunua nyumba mlimani bila kumuuliza mtu habari za Januari. Tordis akamweleza kwamba chumba cha namna hiyo kinataka meko ya gesi, bomba litoke moja kwa moja ukutani. Alipofika kwake akamkuta ameshachora alama ya tundu kwenye ukuta wa nje, usawa wa kifundo cha mguu.

"Hapa patafukiwa na theluji," Tordis akasema. "Bomba likiziba, moto unazima." Akachora alama mpya, usawa wa kifua chake.

"Theluji hufika huko?"

"Ngoja uone, kaka."

Kazi ilikuwa ndogo, lakini haikuisha. Ramiro alitaka mawe ya mtoni. Yalipoletwa, akasema labda vigae. Vigae vilipobandikwa, rafu ya kuwekea mapambo juu ya meko ikawa juu mno. Wateja wasiojua wanachotaka Tordis alikuwa amewazoea, ila huyu alibadili mawazo huku anatabasamu. Na mbele ya meko yasiyowaka aliweka viti viwili. Cha pili cha nani? Swali hilo lilimfuata Tordis mpaka kitandani.

Simu ikalia.

"Fundi."

"Nini tena?"

"Rafu imepinda."

"Haijapinda."

"Njoo uione."

"Ramiro, umelewa?"

"Nimepika tamale, chakula cha kwetu."

Akaenda. Rafu ilikuwa imenyooka kama sala. Ramiro akamfuta vumbi la jipsam kwenye nyusi kwa kidole gumba, kidole kikasahau kuondoka, na Tordis akawa wa kwanza kumbusu.

"Cha pili cha nani?" akauliza baadaye, akikionyesha kiti.

"Una maswali wewe, mpenzi. Kikalie."

Jioni moto ulipowaka kwa mara ya kwanza, Ramiro aliukunjulia viganja. "Tucson wamenipa kazi," akasema. "Wanataka jibu Ijumaa. Unataka nibaki?"

Tordis alitaka sana. Lakini alilelewa na watu ambao ukiwakaribisha kahawa hukataa; ukiwakaribisha tena husema usijisumbue; mara ya tatu ndipo hukubali, tena nusu kikombe. Kupokea mara ya kwanza ni ulafi.

"Aa, fanya unavyoona mwenyewe," akasema. "Usijisumbue kwa ajili yangu."

Akasubiri aulizwe tena. Ramiro aliitikia kwa kichwa, akapanda ngazi kuosha vyombo.

"Alikuuliza mara ngapi?" dada yake Liv akamhoji kwenye simu.

"Moja."

"Moja tu? Basi hakumaanisha, mdogo wangu."

Siku zile mvua ilinyesha juu ya theluji, udongo ukalainika. Alhamisi, baridi kali iliporudi, Tordis alipita mbele ya nyumba ile akaona kibao kimesimikwa uani: INAUZWA. Kumbe meko yalikuwa ya kupandishia bei. Alibisha mlango kwa ngumi.

"Ungeniambia tangu mwanzo kwamba nawajengea wanunuzi."

"Wanunuzi gani?" Ramiro alisimama mlangoni akiwa na soksi tu miguuni. "Tordis, siku ile dukani nilinunua hita ya umeme. Chumba kina joto tangu Novemba. Kila ulipokuja niliificha nyuma ya ngazi."

"Uliificha?"

"Sasa ningekuitia nini? Mawe, vigae, rafu, vyote nilibadili ili urudi."

Tordis alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika. "Na kibao je?"

"Nilikuuliza unataka nibaki. Ukasema nisijisumbue."

"Ulitakiwa uulize tena."

"Ulishajibu."

"Lile halikuwa jibu. Ilikuwa adabu."

Ramiro alimkodolea macho kama mtu anayesomewa sheria za nchi ngeni. "Basi nikuulize tena?"

Mara ya pili pia hukataliwa. Tordis alilihisi neno likipanda lenyewe kooni, laini, la heshima, neno la mama na bibi zake wote. Akalimeza.

"Usiulize. Nataka ubaki. Nakutaka wewe, na kile kiti ni changu."

Walitoka kwenda kung'oa kibao. Wakavuta, wakakipiga teke, wakakimwagia maji ya moto yaliyogeuka barafu mbele ya macho yao. Udongo ulikuwa umekaza kama saruji.

"Mpaka lini?" Ramiro akauliza, akipuliza vidole.

"Aprili, barafu ikiyeyuka."

"Aprili nitakuwepo. Tucson nitawaambia hapana."

Kibao kikabaki, na wanunuzi wakaendelea kuja. Jumapili moja ya Februari mume na mke waligonga, kofia zimejaa theluji, wakasema wamesikia chini kuna meko mapya. Tordis aliwafungulia akiwa amevaa ndara za Ramiro.

"Yapo," akasema, "lakini nyumba haiuzwi. Tunaishi sisi."

Chini kule, Ramiro aliyekuwa anazungumza na mama yake kwenye simu akamkatiza, "Mama, subiri. Umesikia alivyosema? 'Sisi.'"