Kiondo cha Ami Kisilu

Kila Jumamosi, akishachota maji na kufungulia mbuzi, Kavata aliketi mlangoni pamoja na nyanyake kusokota katani. Alimwita Susu, kama wajukuu wengi wa Ukambani wanavyowaita nyanya zao. Susu alisokotea nyuzi kwenye paja la kulia. Kavata alisokotea kwenye paja la kushoto, maana tangu kuzaliwa alitumia mkono wa kushoto, na hata kiondo alikisuka akizunguka kuelekea kushoto. Shuleni hapo Kanyangi walimlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia, na mwandiko wake wa darasa la sita ulikuwa wa kusikitisha kweli. Kwenye katani hakuna aliyemsumbua.

"Vyondo vyako vinazunguka kinyume," Susu alizoea kumtania. "Anayevibeba atajikuta amerudi alikotoka!"

Ami Kisilu, kitinda mimba wa Susu, aliupenda sana utani huo. Ukame wa mwaka wa 1984 ulipozidi, alivuka Mto Athi na mbuzi kutafuta malisho. Siku hiyo aliviacha vyondo vizuri vya Susu akachukua cha Kavata, cha kwanza kabisa kusuka, chenye mistari myekundu.

"Hiki ndicho kitanirudisha," alisema akicheka.

Hakurudi. Kwa miaka miwili Susu alimwekea chakula kila jioni, na asubuhi akawapa kuku.

Jumamosi moja Mama Ndila, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alifika na wenzake wawili. Warina asali walikuwa wamekuta mifupa ya mtu karibu na mto. Askari waliipeleka mochari, lakini hakuna aliyejua ni ya nani, na isipopata mwenyewe ingezikwa bila jina. Jambo hilo Mama Ndila hakulikubali. Alimwomba chifu kiondo kilichookotwa pale, akawa anakipeleka soko kwa soko akiwauliza wanawake nani alikisuka.

Kiondo kilikuwa kimechanika na kufifia, lakini mistari myekundu ilionekana. Susu, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika, alikinyakua akakikumbatia.

"Ni cha Kisilu," alisema. "Ni mtoto wangu. Sasa nitamzika."

Akalia, na akina mama wakalia naye. Mwangangi, baba yake Kavata, alivua kofia akashusha pumzi ndefu. Mara wakaanza kupanga nani amwite mchungaji na kaburi lichimbwe wapi.

Kavata alikichukua kiondo ili akiage. Vidole vyake vikafuata nyuzi kama vilivyozoea, halafu vikasimama. Kiondo hiki kilizunguka kuelekea kulia. Akamtazama Susu, ambaye alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu Ami apotee. Nikinyamaza, aliwaza, Susu atapata usingizi. Nani atajua?

Lakini yeye mwenyewe angejua.

"Susu, nisamehe," alisema. "Hiki si kile changu."

"Wewe mtoto, nyamaza!" baba yake alifoka. "Unataka kumuua mama yangu?"

"Baba, angalia. Mimi nasuka nikienda kushoto, hiki kimeenda kulia. Na hapa kwa kitako kuna uzi wa buluu wa sweta. Mimi sikuwa na uzi wa buluu."

Mama Ndila alikilinganisha na kiondo ambacho Kavata alikuwa bado anakisuka.

"Mtoto anasema kweli," alisema polepole. "Kidogo tu tungezika mtu wa wenyewe."

Susu aliingia ndani akafunga mlango, na Kavata akalia peke yake nyuma ya zizi.

Mama Ndila hakuchoka. Siku ya soko la Kathonzweni, mwanamke aitwaye Muthoki aliuona ule uzi wa buluu akaketi chini papo hapo. Aliutoa kwenye sweta ya mtoto wake alipokuwa akimsukia mumewe kiondo, na mumewe alipotea akienda kutafuta kazi. Alieleza kwamba mumewe aliwahi kuvunjika mguu wa kulia. Daktari alipokagua mfupa na kuona palipounga, shaka ikaisha. Marehemu akazikwa kwao, na jina lake likasomwa mbele ya watu.

Baada ya mazishi Muthoki alikuja Kanyangi na mbaazi za shukrani. Alimshika Kavata mikono yote miwili.

"Watoto wangu sasa wanajua baba yao yuko wapi," alisema. "Asante, mwanangu."

Alipoondoka, Susu alimwita Kavata mlangoni.

"Siku ile nilikukasirikia," alisema. "Nilitaka kuzika, hata awe nani. Ningemlilia mume wa Muthoki, naye Muthoki angebaki akingoja. Na Kisilu wangu, nani angeendelea kumtafuta? Ukijua ukweli, mjukuu wangu, useme, hata kama sisi wakubwa tunalia."

Kisha akamsogezea fungu la katani.

"Sasa suka kingine kama kile cha Kisilu, kinyume hivyo hivyo. Mama Ndila atakipeleka Tawa na kila soko, aulize nani ameona kiondo kinachozunguka hivi. Ukambani kote mimi sijaona kingine."

Kavata alikunja sketi, akaziweka nyuzi kwenye paja la kushoto, akaanza kusokota.