Aliyepanda Kutoka Topeni

Matairi ya nyuma ya lori lililokwama yalikuwa yakizunguka kwa kasi bila kurusha hata tone la tope. Dereva aliliona hilo kwenye kioo cha pembeni na halikumpendeza. Mchana kweupe, mvua ndiyo kwanza imekatika, tope gani hilo lisiloruka?

"Shemeji, shuka ukasukume," alisema. "Dada yako anakulisha bure kila siku, leo na mimi nione faida yako."

"Lori zima la saruji nilisukume mimi?" Shemeji yake alicheka, lakini akashuka. Alikata matawi, akayashindilia chini ya matairi. Kisha akaita kutoka nyuma: "Hili tope lina joto! Halafu linanuka nywele zilizoungua!"

"Wewe sukuma! Nikichomoka sisimami mpaka penye ardhi ngumu. Utanikuta mbele."

Ndivyo madereva wanavyofanya, kwa sababu ukisimama kwenye utelezi umejirudisha shimoni mwenyewe. Lori liliguna, likayumba, likachomoka. Alisimama juu ya mwinuko, roho imetulia. Mlango ukafunguliwa, shemeji akapanda, tope tupu toka utosini mpaka miguuni, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia naye.

"Umefika upesi."

"Twende," akajibiwa. "Ukisikia mtu anaita huko nyuma, usigeuke. Ni jini."

Hapo hapo sauti ikatoka bondeni, sauti ileile ya shemeji yake, imejaa kilio: "Shemeji! Limenishika miguu! Usiniache!"

Dereva alitazama kioo, akaona kichwa na mikono miwili ikipunga juu ya tope, akamgeukia huyu wa pembeni, akaona kwamba tope lote lile halikuacha hata doa kwenye kiti, wala kifua chake hakipandi wala hakishuki, ndipo akajua amemwacha nani kule chini, kaka wa mke wake, mtu aliyemshusha kwa utani wake mwenyewe, akavuta kitasa kikagoma, akapiga dirisha kwa kiwiko, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na bado lori likaanza kwenda, taratibu, huku sauti ya bondeni ikikatikakatika mpaka ikawa haiiti tena.

"Nakuomba," alinong'ona. "Niache nikamtoe."

Yule wa pembeni akamwekea simu mapajani.

"Mpigie dada," alisema. "Mwambie tunakaribia, atutengee maji ya kuoga."