Maziwa ya Hester

Maziwa yaliganda yakiwa bado na joto la ng'ombe. Mpishi, askari mzee aitwaye Dorsey, aliapa kwamba ameyakamua muda uleule, na ndoo ameisugua kwa mchanga. Kapteni Lemuel Tarbox akamwambia ayamwage, akanywa kahawa yake kavu. Katika ngome ile ya mpakani, kando ya mto unaotenga Texas na Mexico, mtu halalamikii maziwa. Nyama ya nguruwe hufika imeota kijani, na maji ya pipa yana vitu vinavyoogelea. Mtu hufumba macho akala, akamshukuru Mungu.

Lakini yaliganda kesho yake tena, na siku zote zilizofuata. Ndipo harufu ikaingia chumba cha kulala, harufu ya mtindi uliosahauliwa kibuyuni, ndani yake mkiwa na kitu kitamu kitamu, kama kidonda kilichofungwa kitambaa muda mrefu.

Nyumba ile haikuwa ya Tarbox kwa haki ya Mungu. Ilikuwa yake kwa haki ya cheo. Ndiyo desturi ya ngome za mpakani: afisa mkubwa akifika huchagua nyumba aipendayo, na mdogo wake aliyemo huhama kabla jua halijatua, hata kama supu iko jikoni. Tarbox alipofika na mkewe Adelia, mjamzito, alipenda nyumba yenye baraza upande wa kivuli. Aliyekaa humo alikuwa Luteni Ansel Whitcomb. Tarbox akaambiwa wazi kwamba mke wa luteni, Hester, siku yoyote atajifungua. Naye, ambaye ngome kadhaa zilikwisha kumtoa nje na vyombo vyake bila mtu kumhurumia, akajibu kwamba desturi ni desturi.

Whitcomb akapiga saluti. Akamhamishia mkewe kwenye hema nyuma ya mazizi. Humo, katika joto na nzi wa samadi, Hester alizaa mtoto aliyekwisha kufa. Maziwa yakamjaa, wa kuyanyonya hayupo. Matiti yakawa mawe, homa ikampanda, akamfuata mwanawe. Tarbox alisimama kaburini na glavu nyeupe, na kitu pekee alichokisikia kilikuwa jua shingoni. Hilo, mbele ya Mungu, huenda lilikuwa baya kuliko kuichukua nyumba.

Asubuhi moja alitumbukiza mguu ndani ya buti, akasikia uvuguvugu. Kitu laini kikampanda hadi kifundoni, kikajipenyeza baina ya vidole kama uji. Alipouchomoa mguu, soksi ilitoka nyeupe, imeshika mabonge, na katika mabonge funza walikuwa wakijinyonganyonga. Alitapika dirishani, akaosha mguu kwa sabuni ya farasi, akaosha tena, na bado vidole viliteleza.

Siku hiyo gwarideni farasi wake, aliyemlea tangu akiwa mtoto, alimnusa mkono, akalaza masikio, akakataa kupandwa. Safu ya nyuma mtu akanong'ona kwamba kapteni ameota maziwa. Mwenzake akajibu, "Basi akanyonyeshe, sisi tukalale." Sajenti alijifanya kiziwi. Tarbox alisikia, na hakuthubutu kugeuka, maana upepo ulikuwa unatoka kwake kwenda kwao.

Adelia alikuwa amekoma kula. Siku moja, adhuhuri, alimshika mumewe kiwiko cha mkono na kumvuta mbali na kitanda kabla ya kusema, kana kwamba kitanda kina masikio.

"Lemuel, mtoto hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Na nikijilaza kuna mtu hukaa upande wangu. Simwoni. Godoro linabonyea, halafu namsikia anajikamua. Matone yanaanguka sakafuni."

Akataka kumwambia ni joto, ni mimba, ni upweke wa mahali hapa, lakini macho yake yalikwisha kufika ukutani juu ya mto wa kulalia, na ukuta wa udongo, ambao miezi yote haujaonja mvua, ulikuwa unatoa jasho jeupe lenye manjano, linakusanyika taratibu, linakuwa zito, linateremka, na nzi wamelifuata kwa mstari mmoja hadi kwenye shuka, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimebonyea na kulowa, na hapo, wakiwa wote wawili wamesimama na mikono imeshikana na hakuna aliyelala juu ya kitanda kile, bonyeo likainuka polepole, kama mtu anayenyanyuka kumpokea mgeni.

Akaitwa Refugio Cantú, mkunga wa ng'ambo ya mto, aliyeitwa pia kwa Hester, akafika amechelewa. Alimpapasa Adelia tumbo akiwa barazani, akasema mtoto yuko hai ila amejikunyata. Ndani hakuingia. Alijiziba pua kwa mtandio, akamwambia Tarbox kwa sauti ya chini:

"Majini nawafukuza, Kapteni. Huyu simwezi. Huyu alikwisha kufukuzwa, na mtu hafukuzwi mara mbili. Mrudishe. Mwite mumewe, umwombe radhi mlangoni, kisha ubebe godoro la Hester wewe mwenyewe mabegani, mchana, watu wakuone, uliingize ndani. Usitume askari."

"Afisa habebi godoro mbele ya kikosi chake, mama."

"Basi mkeo atazaa juu ya maziwa ya mwenzake."

Tarbox alijiahidi kulifanya baada ya ukaguzi. Ukaguzi ukapita, akajiahidi baada ya doria. Kila jioni alipiga magoti akamwomba Mungu aiondoe ile harufu, kwa maneno mengi na mazuri, bila kuomba hata siku moja nguvu ya kufanya lile dogo aliloambiwa. Kinyaa alikuwa nacho tele. Toba hakuwa nayo.

Doria ya mwisho iliporudi, ilimkuta Meja Bascom amefika na mkewe, na meja amependa nyumba yenye baraza upande wa kivuli.

Kusema alitaka kusema. Kisha akaona kwamba huu ndio mlango wa kutokea, akafumba mdomo, akapiga saluti. Nyumba nyingine zote zilikuwa za waliomzidi cheo. Ghalani lilibaki hema moja. Askari wote walikuwa mtoni wakinywesha farasi, na jua linashuka, kwa hiyo alilibeba godoro mwenyewe mabegani, mchana kweupe, na kikosi kikarudi kikamtazama. Ila alikuwa analitoa.

Mke wa meja alisema nyumba inanukia sabuni.

Tarbox alipolikunjua hema, aliona doa ubavuni, pana, limekauka kama gamba la maziwa ya jana. Lilikuwa hema la Hester. Alimwacha Adelia ameketi juu ya sanduku, akakimbia hadi mazizini, akamkuta Whitcomb anapiga brashi farasi, akapiga magoti kwenye samadi mbele ya askari waliokuwapo. Aliomba radhi bila kujitetea.

Whitcomb hakuacha brashi.

"Mimi nilikusamehe siku ileile, afande, kwa kuwa Mungu ameniamuru. Hester hakuwa mtu wa kuamriwa."

Uchungu ulimshika Adelia kabla ya wakati, na Refugio akaja. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, analia vizuri. Tarbox aliusikia mlio ule akalia naye, akaamini amehurumiwa.

Lakini mtoto hakutaka ziwa la mama. Alipowekwa kifuani aligeuza uso, akafumba midomo. Adelia alijaribu siku baada ya siku hadi chuchu zikatoa damu, na maziwa yakaanza kumjaa, yakawa mazito, yakamuuma. Refugio alipaka asali, akaomba, mwisho akakusanya vitu vyake bila kumtazama mtu.

"Atakufa kwa njaa?" Tarbox aliuliza.

"Mtazame," alisema mkunga. "Huyu ana njaa?"

Mtoto alikuwa amenenepa. Mashavu yalijaa, tumbo limekuwa ngoma, na pembeni mwa midomo mlikuwa na utando mweupe wenye manjano, na pumzi yake ilinuka mtindi. Adelia alinyoosha mikono, kifua chake kigumu kama jiwe, homa imeanza machoni. Mtoto hakumgeukia. Alikigeukia kile kitambaa cha hema chenye doa, akafumbua kinywa, akangoja. Na ubavu wa hema ukabonyea polepole kuelekea kwake.